Mwani wa Mikono Mitatu

Donholm, 2 Aprili

Mvua imeanza leo saa nane mchana na, kama desturi yake, imeingia moja kwa moja sebuleni kwetu, pale kwenye kona ya dari. Baba ameweka sufuria. Mimi nimenunua daftari hili kwa sababu Daktari Matheka, msimamizi wangu, amenikumbusha leo mbele ya watu kwamba mwisho wangu ni tarehe thelathini Juni. Nisipomaliza majaribio kufikia siku hiyo, usajili wangu wa shahada ya uzamili unakufa, na miaka miwili inakwenda na maji. Nikiandika kila siku huenda nitapunguza kukaripia watu. Huenda.

Wakati wa chakula baba aliniuliza, kwa mara ya mia, ni nini hasa ninachofuga huko chuoni. Nikamwambia ni mwani wa seli moja, ule wa kijani wa kwenye maji yaliyosimama. Ndani ya kila seli kuna protini iitwayo Rubisko, na kazi yake ni kukamata hewa ya ukaa ili mwani ujitengenezee chakula. Lakini Rubisko ni mzembe ajabu. Anafanya kazi polepole, na mara nyingine anakamata oksijeni akidhani ni ukaa.

"Huyo angefukuzwa reli," baba akasema.

Nikamwambia mwani haumfukuzi, unamfanyia ujanja. Unawakusanya Rubisko wote mahali pamoja, kisha unapeleka hewa ya ukaa hapo hapo kwa wingi, hata mzembe akinyoosha mkono lazima aipate. Mahali hapo panaitwa pirenoidi. Hapana ukuta wala ngozi, ni tone tu, kama tone la mafuta kwenye mchuzi. Kinachowazuia Rubisko wasitawanyike ni protini nyingine, nyembamba, yenye sehemu tano za kuwashikilia. Mimi naziita mikono.

"Kapling," baba akasema.

"Kapling gani?"

"Huyo wa mikono. Ni kapling. Behewa bila kapling ni sanduku tu limesimama kwenye reli."

Baba aliunganisha mabehewa miaka thelathini kabla ya kustaafu, kwa hivyo ana haki ya kusema. Lakini nimeudhika, kwa sababu mimi nimetafuta neno la kumweleza tangu nianze masomo, na yeye kalipata huku akitafuna sukuma wiki.

5 Aprili

Mvua. Mwani mzima. Wachira, fundi wa maabara yetu, kanikuta nikila andazi karibu na darubini na kunitolea mhadhara wa dakika kumi. Mtu huyu hana kazi?

9 Aprili

Kuna kazi, ila leo wameiacha. Mafundi wa maabara wametangaza mgomo na maabara zote zinafungwa kesho hadi watakaposikizwa. Wachira mwenyewe ndiye aliyebandika tangazo mlangoni.

Nieleze kwa nini nimelia chooni. Nina mwani wa aina tatu. Namba Moja una mikono yote mitano, mzima wa afya. Namba Mbili hauna kapling kabisa, Rubisko wake wametapakaa ovyo. Namba Tatu nimeutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe: nimeupunguzia ile mikono mitano ikabaki mitatu, na swali la shahada yangu nzima ni kama mitatu inatosha kushikilia tone. Hakuna Namba Tatu mwingine popote duniani. Na mwani usio na tone imara haustawi katika hewa hii tunayovuta sisi. Unataka hewa ya ukaa ya kuongezwa, na yetu inatoka kwenye mtungi ulio maabara, na maabara ndiyo hiyo inafungwa.

Kwa hivyo nimeuhamisha. Visahani kumi na viwili, nimevipanga ndani ya hotpoti ya chapati na kutoka nayo kama mtu anayepeleka chakula hospitalini. Wachira alinikuta kwenye ngazi.

"Adoyo, ngoja kidogo. Nisikize kwanza kabla hujaenda na hivyo vitu."

"Ulikuwa na siku zote za kusema, Wachira. Leo umegoma, goma vizuri."

Nikashuka. Amenipigia simu mara mbili jioni hii. Sikushika.

10 Aprili

Mtungi sina, lakini hamira ninayo. Hamira ikila sukari inatoa hewa ya ukaa, hilo hata mpishi wa mandazi anajua. Nimevuka kwa jirani yetu Mishi, mama yake Hayat, anayeuza mahamri ya asubuhi kwa jengo zima, nikamuuliza kiasi.

"Maji vuguvugu, mwanangu, si ya moto, utaiua. Sukari usiionee huruma. Unapika nini?"

"Hewa."

"Haya," akasema, akanipa pakiti mbili.

Sasa kuna ndoo ya lita ishirini yenye kifuniko chumbani mwangu, na mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko, unapita kwenye chupa ya maji nipate kuhesabu mapovu, kisha unaingia kwenye sanduku la plastiki lenye visahani vyangu. Mapovu arobaini kwa dakika! Nimemwita baba aje aone. Alisimama mlangoni, akaangalia ndoo, akasema ni kazi nzuri, akarudi kwenye redio yake.

12 Aprili

Mvua. Mapovu thelathini na nane. Kijani.

13 Aprili

Mapovu thelathini na tano. Nimeongeza sukari. Nyumba inanuka kidogo, ila dirisha halifunguki kwa mvua hii.

15 Aprili

Leo nimecheka mpaka nimeumwa mbavu, kisha nikakasirika. Akina mama wa kanisa walikuja kumwona baba, ambaye ni mzee wa kanisa letu, kuhusu mipango ya Pasaka. Kiongozi wao ni Eve, wa ghorofa ya pili. Walipoingia tu, Eve akanyoosha pua. Wakaimba, wakasoma, wakafika kwenye maombi, na maombi yenyewe yakawa, "Ee Bwana, kama kuna roho ya kangara imeingia katika nyumba hii ya mtumishi wako, itoke!"

Kangara! Sukari, maji na hamira, kile wanachochachusha watu kabla ya kupika chang'aa. Yaani walidhani natengeneza pombe. Nikatoka chumbani na kisahani mkononi kuwaeleza juu ya Rubisko, na Eve akaniambia kwa upole kwamba vijana wengi huanza hivyo hivyo, na kitu cha kijani.

Niliwaonyesha mlango kwa adabu ambayo haikuwa nyingi. Baba hakuteta nami. Hakuteta nao pia. Alikaa tu akikunja na kukunjua gazeti. Hilo limeniuma kuliko maombi. Mzee wa kanisa mzima anashindwa kusema, "Huyu ni mwanangu, anasoma"?

17 Aprili

Mapovu thelathini na tatu. Wachira kapiga tena. Sikushika.

19 Aprili

Baba ameondoka. Asubuhi nimemkuta amefunga mkoba mdogo. Anasema baba mdogo Owiti, ndugu yake wa mtaa wa Pipeline, nyumba yake inapakwa rangi na anataka mtu wa kuwasimamia mafundi.

"Wikendi ya Pasaka, baba?"

"Rangi haijui Pasaka, nyathina, mwanangu."

Rangi, na mvua hii! Itakauka lini? Ila sikubisha. Ameona aibu ya Eve na wenzake, basi, kahama mpaka maneno yapoe. Sawa. Aende.

20 Aprili

Pasaka. Nimekula wali peke yangu. Mishi kaleta pilau na hakuketi.

23 Aprili

Mapovu thelathini na tisa, ndoo mpya. Namba Tatu unapendeza, kijani kibichi kabisa. Ukifika mwisho wa mgomo hivi, nitaingia maabara siku hiyo hiyo, nitaupima katika hewa ya kawaida, nitajua jibu.

27 Aprili

Jumapili ya pili bila baba. Nimempigia. Eti mafundi wa rangi ni wazembe. Nikamwambia nyumba ya chumba kimoja na sebule haipakwi rangi wiki nzima, na kama ananionea haya aseme. Akaniuliza kama kijani bado ni kijani. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi endelea." Nikakata simu nikiwa na hasira ya kutosha kuendesha treni.

30 Aprili

Mvua. Mapovu thelathini na sita.

3 Mei

Niandike hili taratibu.

Leo Jumamosi nilikwenda kwa Mishi kuongeza hamira. Alikuwa akisukuma unga. Hakunipa. Aliendelea kusukuma, kisha akasema bila kuniangalia, "Adoyo, mimi hamira yangu nakupa mpaka lini?"

Nikadhani ninamkera kwa kuomba omba, nikamwambia nitanunua yangu.

"Si hivyo. Wallahi si hivyo. Baba yako atarudi lini?"

"Akimaliza kuwaogopa wale wamama."

Hapo akaacha kusukuma. "Mwanangu, wewe ulikuwa na miaka mingapi baba yako alipoacha?"

Alipoacha. Nilijua baba aliwahi kunywa, lakini nilijua kama mtu anavyojua jina la babu aliyekufa kabla hajazaliwa. Nilikuwa na miaka minane. Ninachokumbuka ni kwamba alikuwa akiimba akirudi, na siku moja akaacha kuimba, na mama akawa anacheka zaidi. Baadaye mama akafariki, na hapakuwa na mtu wa kunisimulia, nami sikuuliza.

Mishi amenisimulia. Kwamba alimwokota baba kwenye ngazi hii yetu mara zisizohesabika, yeye na marehemu mume wake, mmoja miguuni mmoja kichwani. Kwamba haikuwa bia wala chupa ya dukani. Ilikuwa kangara, kabla hata haijapikwa, akiinywa na povu lake. Kwamba ameacha miaka kumi na tisa. Na kwamba wiki ile ya ndoo yangu, kila alfajiri Mishi akitoka na mahamri, alimkuta baba amekaa nje kwenye ngazi na koti la mvua, mgongo ameuelekeza mlango wetu.

"Nikamuuliza, Mzee Nahashon, una nini? Akaniambia, 'Mama Hayat, inaniita.' Basi. Akanikataza nisikwambie."

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya ndoo. Nilisimama muda mrefu, na niseme ukweli hapa kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma: nilitafuta njia. Nilifikiria kuihamishia chooni. Nilifikiria baba akae Pipeline mwezi mmoja zaidi, si yuko salama huko? Nilifikiria Namba Tatu, wa pekee duniani, na mikono yake mitatu. Halafu nikakumbuka maneno niliyomwambia kwenye simu, na nikajichukia sana.

Nimeibeba ndoo mpaka bafuni nikaimwaga yote. Nimemwaga na maji ya sabuni juu yake mara tatu. Mpira nimeutupa. Visahani nimeviacha dirishani kwenye hewa ya kawaida, hewa ya watu wote. Namba Mbili na Namba Tatu watanyong'onyea taratibu. Nimelia, na safari hii si chooni.

4 Mei

Nimetembea mpaka Pipeline kwa miguu, viatu mkononi nusu ya njia. Ngazi za jengo la baba mdogo Owiti ni ghorofa saba na hazina mwanga hata mchana. Nyumba haijapakwa rangi. Haijaguswa na brashi tangu ijengwe, nadhani. Baba alikuwa ameketi kwenye kibao kati ya nguo zilizoanikwa, ananyoosha kola ya shati la Owiti kwa pasi.

"Nimeimwaga," nikasema, hata sikuamkia.

Akaiweka pasi wima. "Nani alikutuma?"

"Mama Hayat kaniambia."

"Nilimkataza." Alikuwa amekasirika kweli, mshipa wa shingo umetoka. "Mimi nimekaa na nguo za watu wiki mbili ili wewe umalize kazi yako. Sasa umemwaga! Na vitu vyako?"

"Vitakufa. Si leo, ila vitakufa."

"Kwa nini basi?"

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia ungemwaga."

"Ningemwaga."

"Ndiyo hiyo."

Majirani wa juu walikuwa wakiburuta kitu. Kisha akasema, polepole, akiangalia pasi, "Nilikaa nayo siku nane. Kila siku nilijiambia ni hamira ya shule. Siku ya tisa nilijua kwamba nikilala humo tena nitaamka kuifungua. Kwa hivyo niliondoka nikiwa bado na miguu yangu. Usione ni ushujaa, Adoyo. Nilikimbia."

Nilipiga magoti pale kati ya nguo mbichi nikamwomba msamaha wa yale ya simu. Aliniambia niinuke, sakafu ni chafu. Halafu akaniuliza kama nimefungua madirisha. Nikasema yote. Akachukua mkoba wake.

Tumerudi pamoja. Mlangoni alisimama, akavuta pumzi, akasema bado ipo kidogo. Tumekaa nje kwenye ngazi mpaka jua likazama, tukila mahamri ya jana, na Eve akapita akatusalimia, nasi tukamwitikia vizuri.

5 Mei

Nimeshika simu ya Wachira. Hata sijui kwa nini, labda kwa sababu sikuwa na cha kupoteza. Nikamwambia kila kitu isipokuwa habari za baba: ndoo, hamira, kwamba nimeimwaga.

Akaniuliza, "Adoyo. Kwani hukuwapa asetati?"

Niliketi sakafuni.

Asetati ni chumvi ya asidi ya siki. Mwani huu ukipewa asetati kwenye chakula chake na kuwekwa penye mwanga hafifu, unaila hiyo, na wala hauhitaji hewa ya ukaa ya ziada, uwe na kapling au usiwe nayo. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi nilijua! Sikuiweka kwenye visahani kwa sababu inaharibu jaribio langu la hewa, na mgomo ulipokuja nikaendelea kulinda jaribio wakati kilichohitaji kulindwa ni mwani.

"Ndicho nilikuwa nataka kukwambia siku ile kwenye ngazi," Wachira akasema. "Ukaniambia nigome vizuri."

"Samahani, Wachira."

"Ni sawa, daktari mtarajiwa. Nina visahani sita vya asetati, nilivitengeneza kabla hatujafunga. Viko kwa friji yangu, karibu na maziwa. Mke wangu amechoka navyo. Nakuja."

Amekuja kutoka mtaa wa Lucky Summer, ametota, visahani ameviweka kifuani ndani ya shati. Amenishikia mshumaa wa kuchomea sindano nikihamisha seli nayo, na hakutoa mhadhara hata mmoja. Baba amempikia chai. Wamezungumza juu ya migomo ya reli ya zamani kwa saa mbili, na nimegundua kwamba Wachira ni mtu wa kuchekesha sana ukimwacha amalize sentensi.

9 Mei

Kisahani cha kwanza kimeshika kuvu.

11 Mei

Cha pili na cha tatu. Asetati inapendwa na kila kiumbe, na nyumba yetu ina unyevu.

14 Mei

Cha nne. Baba hunyanyua kitambaa nilichofunikia visahani kila asubuhi kuangalia, na hunitangazia kabla sijaamka vizuri.

17 Mei

Cha tano.

22 Mei

Kimebaki kimoja, na ni cha Namba Tatu. Madoa manne ya kijani, madogo kuliko punje ya mtama. Namba Moja na Namba Mbili watu wengine wanao, naweza kuomba. Huyu hakuna. Baba amekihamishia chini ya kitanda chake, anasema huko hakuna upepo wa kuleta kuvu.

4 Juni

Mgomo umekwisha. Mvua nayo imekata, kama waliokubaliana. Nimekwenda na Namba Tatu mkononi, na Wachira akanifungulia mlango kabla ya saa.

26 Juni

Leo nimetazama. Tulikuwa tumewatia Rubisko alama inayong'aa, kwa hivyo palipo na tone huonekana nukta moja ya mwanga ndani ya seli. Kwenye Namba Moja wa kuazima, nukta katika kila seli. Kwenye Namba Mbili, mwanga umetapakaa kama uji uliomwagika. Kwenye Namba Tatu nilisita kabla ya kuweka jicho. Nukta zipo! Si kwa seli zote. Seli moja inayo, ya pili haina, ya tatu inayo ndogo. Mikono mitatu inashika, ila inashika kwa taabu.

Ni jibu, lakini ni nusu ya jibu. Bado kuhesabu, bado kupima ukuaji katika hewa ya kawaida, na hilo ni miezi miwili, si siku nne. Matheka kaniambia, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti, kwamba kuna fomu ya kuomba muda. Huwa wanakubalia wachache. Inategemea sababu.

28 Juni

Jumamosi. Fomu ilikuwa mezani. Palipoandikwa sababu ya kuchelewa kuna mistari minne, nami nilikuwa nimejaza mmoja: Maabara zilifungwa kwa mgomo.

Baba akavaa miwani, akasoma. "Hiyo ndiyo sababu?"

"Ni sababu mojawapo."

"Wenzako walifungiwa pia. Wao wameomba muda?"

Nikamwambia wengi wao hawakuhitaji. Na kwamba hayo mengine si ya kuandikwa kwenye fomu ya chuo, ni yetu, na kwamba yeye ni mzee wa kanisa.

Alinyoosha mkono nikampa kalamu, nikidhani anataka kurekebisha herufi. Aliandika kwa ule mwandiko wake wa vitabu vya reli, wima, kila herufi imesimama peke yake:

"Mimi Nahashon Owuor ni mlevi. Nina miaka kumi na tisa sijanywa. Kazi ya binti yangu ilihitaji kangara ndani ya nyumba, naye akaimwaga, nami niko mzima. Muda aliopoteza ameupoteza kwa ajili yangu."

Neno hilo, mlevi, sijawahi kulisikia likitoka kwake, si kanisani anapotoa ushuhuda, si popote. Akaweka sahihi, akaweka na tarehe, akanirudishia fomu akaniambia nisiikunje.

Jumatatu asubuhi nitaipeleka kwa Matheka hivyo hivyo, na akiniuliza mwandiko ni wa nani nitamwambia ni wa baba yangu.